Maneno ya Maumivu: Tiba ya Nafsi na Maumivu ya Muda Mrefu Baada ya Maradhi ya Mlipuko

Afrika Mashariki imeipa elimu ya tiba ya dunia majina mawili ya maradhi ya mlipuko, na yote mawili yamefungamana na maumivu ya viungo. La kwanza ni kidingapopo. Tabibu James Christie, aliyefanya kazi Unguja katika enzi ya Masultani, aliandika habari za homa iliyoenea huko mwaka 1870, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo. Makala yake ilipigwa chapa Uingereza mwaka 1872. Wako wataalamu wanaolinasibisha neno dengi na jina hilo, na wako wasiokubali. Mwaka 1971 D. E. Carey alitoa hoja kwamba baadhi ya milipuko ya zamani iliyoitwa dengi huenda ilikuwa chikungunya, kwa kuwa maumivu ya viungo yaliyosimuliwa na matabibu wa wakati ule yaelekea zaidi maradhi hayo.

Jina la pili ni hilo chikungunya. Mwaka 1952 homa ilizuka katika wilaya ya Newala, Jimbo la Kusini la Tanganyika, nayo Marion Robinson na W. H. R. Lumsden wakaieleza katika maandishi yao ya mwaka 1955. Vitabu vingi vya kigeni vyasema kwamba jina hilo ni la Kiswahili. Sivyo, ni la Kimakonde, na latokana na kitenzi kungunyala, ambacho maana yake ni kukauka na kujikunja. Basi jina hili halimtaji mbu anayeambukiza, wala joto la homa. Lataja umbo la mtu aliyepindwa na maumivu hata asiweze kusimama wima. Nalo limesema kweli, kwani homa ya chikungunya huondoka kwa siku chache, bali maumivu ya viungo huweza kukaa miezi, na kwa baadhi ya watu miaka. Jambo hilo lilionekana tena baada ya mlipuko ulioanzia Lamu mwaka 2004, ukavuka hadi Visiwa vya Ngazija, kisha ukaingia La Réunion mwaka 2005 na 2006, ambako yapata theluthi moja ya wakazi waliugua.

Jina la janga la karibuni halikuzaliwa hivyo. UVIKO-19 ni kifupisho cha maneno ya ofisini, nalo halisemi lolote juu ya mwili wa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura tarehe 30 Januari 2020, na likaiondoa tarehe 5 Mei 2023. Kati ya tarehe hizo mbili ilidhihirika kwamba wako waliopona ambao hawakurudia afya yao. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika hilo lilitoa maelezo ya hali hiyo: dalili ambazo kwa kawaida huwapo miezi mitatu tangu ugonjwa kuanza, zikadumu angalau miezi miwili, wala hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Uchovu, kupungukiwa na pumzi na kupotewa na mawazo ndizo zilizotajwa mbele; lakini maumivu ya kichwa, kifua, misuli na viungo yamo pia katika orodha.

Miongoni mwa matibabu yanayotolewa kwa maumivu ya namna hiyo iko tiba ya nafsi. Nayo yatofautiana na tiba nyingine kwa jambo moja lililo la msingi kwa mwanafunzi wa lugha: dawa yake ni maneno. Kidonge hufanya kazi ile ile kiitwe jina lolote. Tiba ya nafsi haiwezi. Neno likikosewa, dawa imekosewa. Kwa hiyo swali la jinsi Kiswahili kinavyosema habari za maumivu si swali la mapambo. Ni sehemu ya tiba yenyewe.

KUUMA, KUUMWA, KUUGUA

Kiini cha habari hii katika Kiswahili ni kitenzi kuuma. Mbwa huuma, nge huuma, na kichwa huuma. Kitenzi hiki ni cha asili ya Kibantu, na l iliyodondoka katika Kiswahili sanifu ingaliko katika lugha za jirani. Waganda wana okuluma, nacho hutumika kwa mbwa na kwa kichwa vilevile.

Katika sentensi Kichwa chaniuma, mtendaji ni kiungo cha mwili, naye mtu ametajwa kwa kiambishi -ni- tu, mahali pa mtendwa. Mwili wake mwenyewe umekuwa kama mnyama anayemrukia. Haifai kusema kwamba kwa sababu ya sarufi hii Mswahili huona maumivu kwa namna isiyojulikana na watu wengine. Sarufi haitii maumivu katika mgongo, wala haiyatoi. Lakini sarufi huonyesha mahali anapoanzia msemaji, na mwenye kutaka kuzungumza naye yampasa aanzie hapo hapo.

Kauli ya kutendwa ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Ninaumwa kichwa ni kauli ya maumivu. Ninaumwa, bila kutaja kiungo, ni kauli ya ugonjwa. Mtoto mwenye surua anaumwa hata kama hakuna mahali panapomchoma. Kitenzi kuugua nacho kina sura mbili: maana yake ni kuwa mgonjwa, na katika matumizi ya zamani ni kulalama kwa maumivu, maana ambayo ingali hai katika kuugulia. Kwa ufupi, katika maneno ya kila siku ugonjwa na maumivu havikutenganishwa, kwa sababu katika mambo ya kila siku havitengani: homa ikija viungo huuma, homa ikiondoka viungo hupoa.

Hapo ndipo penye kikwazo cha kwanza. Maumivu yanayobaki baada ya maradhi ya mlipuko ni maumivu yaliyoachana na ugonjwa uliyoyaleta, au yaliyoachana nao kwa kiasi kikubwa. Daktari akitazama vipimo, akamwambia mtu kwa nia njema, “Sasa huumwi tena,” yeye daktari asema kwamba ugonjwa umekwisha. Mgonjwa asikia kwamba maumivu anayoyaona usiku kucha hayapo. Kutoka siku hiyo hukaa na moja katika mambo mawili: ama ameambiwa ni mwongo, ama tabibu hajui kazi yake. Na mtu aliyefika hapo hawezi tena kutibiwa kwa maneno, maana imani imekatika. Sentensi nyingine, iliyo fupi vilevile, yaepusha madhara hayo: “Ugonjwa umekwisha, maumivu yamebaki, nayo yana tiba yake.”

Mithali ya Kiswahili yasema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Elimu ya tiba ilichukua muda kufika kwenye hekima hiyo. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa maumivu, kilichoanzishwa mwaka 1973 kwa juhudi za John Bonica, kilitoa maelezo ya maana ya maumivu mwaka 1979, kikayasahihisha mwaka 2020. Katika masahihisho hayo imetamkwa wazi kwamba habari anayoitoa mtu juu ya maumivu yake yapasa kuheshimiwa, na kwamba maumivu si kitu kimoja na mwendo wa habari katika mishipa ya fahamu. Mishipa huweza kupeleka habari pasiwe na maumivu, na maumivu huweza kuwapo pasiwe na jeraha linaloonekana.

LANGO NA MBIU

Zamani ilidhaniwa kwamba maumivu ni kama kamba ya kengele: ikivutwa kwenye kidole, kengele hulia kichwani, na kadiri ya mvuto ndiyo kadiri ya mlio. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango. Walisema kwamba habari zitokazo mwilini hupitia katika uti wa mgongo mahali palipo kama lango. Lango hilo hupanuliwa au hufinywa na habari nyingine zitokazo mwilini, na pia na amri zishukazo kutoka ubongoni. Mama asuguaye goti la mtoto aliyeanguka hulifinya lango kwa njia ya kwanza. Hofu, huzuni, kukosa usingizi na upweke huliacha wazi kwa njia ya pili. Uchunguzi uliofuata umesahihisha mengi katika nadharia hiyo, bali kiini chake kimesimama: ubongo haupokei maumivu tu, una sehemu katika kuyafanya.

Jambo hili ni gumu kumweleza mgonjwa, kwa kuwa husikika kama kusema “ni mawazo yako tu”. Kwa bahati njema Kiswahili kina mfano ulio tayari. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Maumivu ni mbiu. Katika ajali au homa, mbiu hulia kwa sababu jambo lipo, na mwenye busara huitika: hupumzika, huuguza kiungo, huenda kwa tabibu. Ama katika maumivu ya muda mrefu, mpiga mbiu amezoea kupiga. Jambo limepita au limepungua, naye angali akipuliza, tena hupuliza kwa kitu kidogo ambacho zamani kisingemwamsha. Mlio ni wa kweli, sikio halikudanganyika. Kilichobadilika ni kwamba mlio si dalili ya kuaminika tena ya kuwapo kwa jambo. Kwa mfano huo mgonjwa haambiwi kwamba hasikii. Aambiwa kwamba asikiacho kina maana nyingine na ile aliyoizoea.

Lakini mfano huu una mpaka wake, nao hauna budi kutajwa. Haifai kumwambia mtu kwamba mbiu yalia bure kabla ya kutazama kama jambo lipo. Baada ya UVIKO-19 maumivu ya kifua huenda yakatoka moyoni au mapafuni. Baada ya chikungunya viungo huweza kuwa na uvimbe wa kweli unaohitaji dawa zake. Tiba ya nafsi huja pamoja na uchunguzi wa mwili, haiji mahali pake. Tena kufaa kwa tiba ya nafsi si ushahidi kwamba ugonjwa umetoka katika nafsi. Gongo humsaidia aliyevunjika mguu, wala hapana asemaye kwamba mguu ulivunjika kwa kukosa gongo.

NJIA ZA TIBA NA MANENO YAKE

Njia za tiba hii ni nyingi, na historia yake ni ya zaidi ya nusu karne. Wilbert Fordyce wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1976 jinsi mazoea yanayomzunguka mgonjwa yanavyoweza kuyatia nguvu maumivu. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza huko Massachusetts mafunzo ya kutuliza na kuelekeza fikira kwa watu waliokuwa na maradhi ya muda mrefu. Baadaye ilikuja tiba ya kurekebisha fikira na mwenendo, na baada yake tiba ya kuridhia na kushika lengo, iliyoasisiwa na Steven Hayes na wenzake. Kwa faida ya msomaji wa jarida la lugha, hapa yafaa kutazama mambo manne tu, kwa kuwa katika kila moja Kiswahili kina neno linalochukua mzigo.

La kwanza ni kuwaza na kuwazua. Michael Sullivan na wenzake walitunga mwaka 1995 kipimo chenye sentensi 13 cha kuangalia jinsi mtu anavyoyafikiri maumivu yake. Waliona mambo matatu: kulirudia wazo bila kikomo, kulikuza baya, na kujiona huna la kufanya. Wafasiri wengine wamehangaika kutafuta neno la jambo la kwanza, hali usemi uko vinywani mwa watu. Anayewaza hufika mahali. Anayewaza na kuwazua huzunguka. Mgonjwa akiulizwa, “Usiku maumivu yakija, huwaza na kuwazua?” hana haja ya kufafanuliwa swali.

La pili ni hofu ya kutonesha. Johan Vlaeyen na Steven Linton walieleza mwaka 2000 jinsi hofu inavyomfunga mtu: huogopa kwamba mwendo utamdhuru, huacha kutembea, misuli hulegea, viungo hukaza, na kila ajaribupo huumia zaidi, na kwa hiyo huogopa zaidi. Kiswahili kina kitenzi kutonesha, yaani kuligusa donda likaumia upya. Mtu mwenye donda huenda kwa hadhari asilitoneshe, na hadhari hiyo ni ya haki. Mwenye maumivu ya muda mrefu huendelea na hadhari ile ile baada ya donda kufunga. Kwa neno hili tabibu aweza kuuliza swali linaloeleweka na kila mtu: “Waogopa kutonesha nini?” Na mara nyingi mgonjwa, akilitafuta donda lenyewe ili alitaje, huanza kuona kwamba anachokilinda ni kumbukumbu ya donda.

La tatu ni kipimo cha kazi. Mgonjwa ajionapo na nafuu hufanya kazi ya siku tatu kwa siku moja, kisha hulala siku nne. Hufundishwa kugawa kazi kwa kipimo, apumzike kabla maumivu hayajamlazimisha. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba, na katika jambo hili mithali yawa maagizo ya daktari. Lakini baada ya UVIKO-19 hapana budi kuwa na uangalifu. Wako ambao baada ya juhudi ndogo hali yao huharibika kwa siku nyingi. Mwongozo wa Uingereza wa Oktoba 2021 juu ya ugonjwa wa uchovu mkali wa muda mrefu umekataza kuwaongezea wagonjwa wa namna hiyo mazoezi kwa ngazi zilizopangwa mapema. Kwao haba na haba maana yake ni kukaa ndani ya kibaba walicho nacho, si kukilazimisha kijae.

La nne ni kuridhia, na ndilo lenye hatari kubwa ya lugha. Tiba hii humtaka mtu akubali kuwa na maumivu huku akifanya mambo anayoyathamini, badala ya kungoja maumivu yaishe ndipo aanze kuishi. Kukubali kwa Kiswahili chaweza kusikika kama kukubali yaishe, yaani kushindwa. Subira ni neno tukufu, lakini lina harufu ya kungoja. Neno lililo karibu zaidi na shabaha ni kustahimili. Asili yake ni ya Kiarabu, katika mzizi ule ule uliozaa himili na hamali. Hamali hajakubali kwamba mzigo ni mwepesi, wala hangoji ushushwe ndipo atembee. Huubeba, huku akienda aendako.

-KI- MBILI

Katika sarufi pia iko njia ya kuonyesha badiliko linalokusudiwa. Kiambishi -ki- kina kazi mbili zilizo maarufu kwa kila mwalimu wa Kiswahili. Chaweza kuwa cha sharti: Mgongo ukiniuma, silimi. Chaweza pia kuwa cha mambo mawili yaendayo pamoja: Nalima mgongo ukiniuma. Katika sentensi ya kwanza maumivu yametangulia nayo yametoa amri, mtu amefuata. Katika ya pili mtu ametangulia na kazi yake, maumivu yamewekwa nyuma kama hali inayoandamana. Kitenzi ni kile kile, kiambishi ni kile kile, na maumivu hayakupungua hata chembe. Lililobadilika ni nani anayeongoza sentensi.

Mtu akitaka kueleza kwa maneno machache tiba hii inafanya nini, aweza kusema kwamba yamchukua mgonjwa kutoka -ki- ya kwanza hadi -ki- ya pili. Haahidiwi kwamba mgongo hautamuuma. Mapitio makubwa ya majaribio, yaliyotolewa mwaka 2020 na Amanda Williams na wenzake, yalikusanya majaribio 75 yenye watu 9,401, nayo yakaonyesha kwamba tiba ya kurekebisha fikira na mwenendo hupunguza kidogo maumivu, ulemavu wa kazi na dhiki ya moyo. Neno kidogo halifai kufichwa. Lakini kwa mkulima, kidogo hicho huenda ikawa ndiyo tofauti ya kulima nusu ya shamba na kutolima kabisa.

Watu wa nyumbani nao wana sehemu. Desturi ya kumjulia hali mgonjwa ni njema, na neno pole halina badala yake. Lakini miezi ikipita, na kila aingiaye akiuliza, “Bado unaumwa?”, mgonjwa hana la kujibu ila maumivu, na maumivu yamekuwa jina lake. Fordyce alionya kwamba jambo linaloangaliwa sana hukua. Haina maana kwamba jamaa waache kumtazama. Yatosha kwamba baada ya pole waongeze swali jingine: “Leo umeweza kufanya nini?”

JINA LA HALI YENYEWE

Kuna majina matatu yanayotumika kwa maumivu yapitayo muda wake. Wengi huandika maumivu sugu. Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa, na kwa kupanuka maana yake limekuwa neno la kitu kisichosikia dawa wala maonyo: ugonjwa sugu, mhalifu sugu. Mganga alitumiapo hutaja muda tu. Mgonjwa aweza kusikia hukumu kwamba ameshindikana. Wengine huandika maumivu ya kudumu. Kudumu ni kukaa siku zote, kama katika kazi ya kudumu na makazi ya kudumu. Mtu aliyeambiwa kwamba maumivu yake ni ya kudumu ameambiwa kwamba hayataondoka, jambo ambalo tabibu halijui na mara nyingi halikusudii. Limebaki jina lisilo na urembo: maumivu ya muda mrefu. Katika orodha ya kumi na moja ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, maumivu ya aina hii ni yale yanayokaa au kurudi kwa zaidi ya miezi mitatu. Hicho ni kipimo cha muda, si utabiri. Muda mrefu husema kilichopita, na hauufungi mlango wa kilicho mbele.

Kadhalika jina la tiba. Akili ni neno bora, lakini hospitali za wagonjwa wa akili zimelitia hofu; mtu wa magoti aliyepelekwa kwa daktari wa akili huona ameitwa mwenda wazimu. Roho nayo haifai, maana roho yaniuma si kauli ya ugonjwa. Mara nyingi ni kauli ya wivu au majuto. Moyo ni neno la karibu, lakini hospitalini laweza kuchanganywa na moyo wa nyama. Nafsi ni mtu mzima kama alivyo, na ndani yake mna mawazo, hisia na utashi. Kwa sababu hiyo tiba ya nafsi yaonekana kuwa jina lisilomtukana mgonjwa wala kumpotosha. Saikolojia yafaa katika vitabu na katika mafunzo ya wataalamu. Kitandani pa mgonjwa yahitaji kufafanuliwa.

MANENO YA KUPIMIA

Mwaka 1971 Melzack na Warren Torgerson walikusanya maneno 102 ya Kiingereza yanayoeleza maumivu, wakayapanga kwa aina. Mwaka 1975 Melzack akatoa dodoso lenye maneno 78 katika mafungu 20: mengine ya hisi ya mwilini, mengine ya hisia ya nafsi, mengine ya kutathmini. Jambo la maana ni mwanzo wa kazi hiyo. Haikuanza kwa kutafsiri. Ilianza kwa kukusanya.

Kiswahili kina hazina yake. Kichwa huwanga na hugonga. Kifua huchoma, na kutoka hapo likazaliwa jina kichomi. Tumbo husokota, hunyonga, hukata. Ngozi huwaka na huwasha. Mguu hufa ganzi. Viungo hukaza, na ukavu wao umetiwa katika jina baridi yabisi. Maumivu ya uzazi ni uchungu, neno lile lile la ladha ya mwarobaini na la moyo uliofiwa. Mfasiri akiketi na orodha ya Kiingereza, akatafuta neno moja kwa neno moja, atapata maneno yanayokaribiana sana hata mgonjwa asione tofauti, na atayaacha nje yale anayoyatumia mgonjwa. Yako pia maneno yaliyobadilika njiani. Vitabu vya zamani vyataja tumbo kukeketa. Tangu neno ukeketaji litumike kwa ukataji wa wasichana, muulizaji mwanamume akilitamka mbele ya mwanamke huenda akafunga mazungumzo badala ya kuyafungua.

Kazi hiyo ya kukusanya yataka mwanafunzi wa lugha akae pamoja na mwuguzi, katika zahanati za pwani na za bara, na kwa wasemaji wa Kiswahili cha Kongo vilevile, ayaandike maneno kama yatokavyo kabla hayajanyooshwa na adabu ya hospitali. Mgonjwa akiulizwa kwa fomu hujibu “nina maumivu”. Akiachiwa nafasi asimulie, husema ni nani anayemuuma, wapi, saa ngapi, na amemnyima nini.

Watu wa Newala hawakuwa na dodoso mwaka 1952. Walimtazama mwenzao akijaribu kusimama, wakaona jinsi alivyojikunja, wakampa ugonjwa jina ambalo dunia nzima yalitumia hata leo. Jina hilo lilitokana na kumwangalia mtu. Istilahi za tiba ya nafsi katika Kiswahili zikitafutwa mahali hapo hapo, mgonjwa atakapozisikia hatahitaji mkalimani.